Baba Maryam Hajambo

Katibu wetu alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Angekuwa mbaya ningekwisha kumsahau. Wabaya tuliwaacha kule, wengine tukawakuta huku, na majina yao yamenitoka. Lakini mtu aliyemweka mama yangu miaka kumi na sita akimngoja maiti, huku akimjulia hali, akimletea muhogo kutoka sokoni na kumjazia fomu za kaunsili ya mtaa, utamchukia vipi kwa moyo mmoja? Mimi nimejaribu na bado najaribu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wanaomjua wanamjua, na asiyemjua hatafaidika. Wakubwa kwa watoto tulimwita Katibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa katibu wa jumuiya yetu ya Wazanzibari wa kusini mwa London tangu siku za mwanzo, tulipokuwa familia chache zilizotoka baada ya Mapinduzi, tukitafutana kwa kuulizana vituoni. Wenyeviti walikuja, wakagombana, wakasusa, wakahama. Katibu alibaki. Alikuwa mrefu na mwembamba, ana koti moja la rangi ya udongo ambalo mkewe alimgeuzia kola mara mbili. Mchana alikuwa karani katika ofisi moja ya Croydon. Jioni na wikiendi alikuwa wetu.

Kazi yake kubwa ilikuwa karatasi. Mara moja kwa mwaka, saa zikishasogezwa mbele na yale maua ya njano yakishachomoza kwenye vibustani vya watu, alichapa habari za jumuiya nzima kwa kurasa nne, akazirudufu kwa mashine ya mkono, kisha akatuita ukumbini Thornton Heath. Karatasi yenyewe aliiita Masika. Tulimwambia hapa hakuna masika, haya ni majira ya machipuko. Akajibu, "Saa yangu ya mkononi naifuatisha ya Waingereza. Mwaka wangu siwapi."

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na wazee wengine walisita kuingia kwa sababu ya msalaba ukutani. Katibu akawaambia, "Tumekodi ukumbi, hatukukodi dini. Ingieni, chai inapoa." Wakaingia. Lazima uelewe baridi za miaka ile zilivyokuwa. Kila mtu alijifungia chumbani na hita yake ya mafuta ya taa, miezi mitano hujui jirani yako wa mtaa wa tatu yu hai au vipi. Kwa hiyo siku ya Masika ndiyo tuliyojua nani amepona mwaka. Katibu alisimama na kusoma kwa sauti, taratibu, kila jina na heshima yake. Mwana wa fulani amefaulu mtihani. Bi fulani wa Stratford amepata nyumba yenye ngazi ndani. Mzee aliyeteleza kwenye barafu sasa anatembea bila mkongojo. Vijana wetu wamefungwa na Wakenya mabao matano, "na tusiseme zaidi." Watu walicheka, walilia, walipigana vikumbo jina la mtoto wao lilipotajwa. Mimi nilikuwa naipenda siku hiyo kuliko Sikukuu, na leo naona haya kusema hivyo.

Kwa kweli, Katibu alikuwa mtu wa kukera. Bwana mmoja alimletea habari ya harusi ya bintiye, akasema watu walikuwa mia mbili. Katibu akapanda basi mpaka kwenye ukumbi wa harusi kumuuliza mlinzi viti vilikuwa vingapi. Akaandika mia moja arobaini na mbili, "pamoja na waliosimama." Yule bwana hakumsemesha mpaka Ramadhani.

Lingine ni la bibi wa Kipemba aliyekwenda naye kwenye ile ofisi kubwa ya uhamiaji ya Croydon. Katibu alikuwa akiwasindikiza watu pale bila malipo, anapanga foleni tangu alfajiri na chupa yake ya chai, anawatafsiria, anawaandikia. Wengi wetu tuna pasi kwa sababu ya kalamu yake. Bibi yule hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Karani akachoka, akasema andikeni yoyote. Bibi akasema andika tu, Katibu, tuondoke. Katibu akaweka kalamu chini. "Siandiki nisichokijua," alisema. Bibi akarudishwa nyumbani kungoja miezi mingine mitatu, akimlaani kwa Kipemba njia nzima, na Katibu akimkubalia, "Ndiyo, bibi. Una haki, bibi."

Huyo ndiye mtu wenyewe. Hakukubali kumzulia kikongwe siku ya kuzaliwa. Lakini alimzulia mama yangu mume.

Ukurasa wa nne wa Masika ulikuwa wa salamu. Barua za kutoka Unguja zilikuwa zikifunguliwa njiani, na watu waliogopa kuandika. Kwa hiyo mtu wa kule alimwambia msafiri, msafiri akamwambia mtu wa Mombasa au wa Dubai, naye akamwandikia Katibu: fulani hajambo, anamsalimu fulani. Sisi kwetu salamu ni amana. Ukiambiwa "nisalimie fulani" umebebeshwa mzigo, hata kama fulani anakaa juu ya ghorofa ya kumi na lifti imeharibika. Katibu alikuwa amebeba mizigo ya watu wote. Vifo vya kule hakuvichapa, maana alisema kifo hufikishwa nyumbani kwa mtu, kwa mdomo, na mwenye kufiwa awe amekwisha kula. Hata hilo lilikuwa jema. Nimeshamwona akimketisha mtu, akimngoja amalize wali wake, ndipo amwambie.

Baba alikuwa karani wa bandarini. Alichukuliwa kazini wiki chache baada ya Mapinduzi, mchana, mbele ya watu, na mimi sijatimiza mwaka. Mama alingoja mjini, akangoja Mombasa kwa dada yake, mwisho akaletwa huku kwa jamaa wa jamaa, nami nina miaka saba. Mwaka wetu wa kwanza tulikwenda ukumbini na mama amevaa gauni jipya la majani ya kijani, alilishona mwenyewe kwa mkono. Katibu akasoma kurasa zote nne. Alipofika mwisho akaikunja karatasi, kisha akasema, "Baba Maryam hajambo. Anamsalimu mkewe na mwanawe. Anasema subira." Mama akamwomba arudie. Akarudia. Nyumbani tulipoitazama karatasi, mstari huo haukuwamo. Mama akasema wino haukushika. Wiki iliyofuata akamwomba Katibu auandike kwa kalamu kwenye nakala yake, naye akauandika, kwa hati nzuri.

Tangu hapo kila mwaka baba alikuwamo. Baba Maryam hajambo. Baba Maryam amepungua kidogo lakini ana afya. Baba Maryam amefurahi kusikia Maryam anasoma vizuri. Nami nilikuwa nikimwandikia baba barua, nampa Katibu, naye anaipokea kwa mikono miwili na kuitia mfukoni. Mwaka mmoja karatasi ilisema baba ana homa. Mama alikonda. Alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na siku moja akaunguza furushi zima kwa kuwaza. Alifunga, aliswali, alikwenda kwa Katibu kila Jumamosi kuuliza kama limekuja neno jingine. Baada ya mwezi Katibu akaja mwenyewe kwa basi kusema homa imetoka. Mama alipika biriani kwa ajili ya mgonjwa ambaye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa kaburini mwaka wa tano.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama thelathini na mbili, alipotokea fundi cherehani mmoja wa Kipemba aliyekuwa akikaa Stratford. Mtu mpole, aliyefiwa na mkewe, ana duka dogo. Alitupunguzia mapazia tukayaona ni mapya. Mama alikuwa akicheka akimtaja, halafu anajikamata. Yule fundi akatafuta mshenga, mtu wa kumpelekea posa, mtu mwenye heshima asiyekataliwa kirahisi. Akamtuma Katibu.

Mimi ndiye niliyeleta chai, kwa hiyo nilisikia.

"Mama Maryam, nimetumwa," Katibu alisema. "Fundi anataka stara. Ni mtu wa dini, hana makuu."

"Kakutuma wewe?"

"Kanituma mie."

"Wewe ndiye unayeniletea salamu za mume wangu kila mwaka, leo uniletee na posa? Mie mke wa mtu, Katibu." Mama aliweka kikombe chini. "Au kuna khabari hujanambia?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu. Dirisha lilikuwa wazi, nje watoto wa Kiingereza wanacheza mpira barabarani. Mama alikuwa amekwisha kula. Alikuwa nyumbani kwake. Kila sharti la Katibu lilikuwa limetimia, na swali ameulizwa waziwazi. Alikitazama kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu ndani.

"Hapana," akasema. "Hakuna khabari."

Akamaliza chai, akamrudishia fundi jibu. Masika iliyofuata, Baba Maryam hajambo. Fundi alioa kwingine.

Ukweli ulikuja na mtu asiyeona vizuri. Mambo kule yalikuwa yamelegea, watu wameanza kupewa ruhusa ya kusafiri, na ami yangu, mdogo wa baba, akaja London kutibiwa macho. Mama alimpikia samaki wa kupaka. Ami akala, akajilamba vidole, akasema, "Marehemu kaka angelipata samaki huyu asingemwachia mtu."

"Marehemu nani?" mama akauliza.

Mwenye macho angeuona uso wa mama akanyamaza. Ami hakuuona. "Kaka. Baba Maryam, Mungu amrehemu. Si nilikuleteeni barua? Niliipitisha Mombasa, nikamwandikia Katibu wenu, nikamwambia akwambie taratibu, na mtoto mdogo yule. Mwaka ule mlipofika huku tu. Kafia kizuizini, maiti hatukupewa." Akanyoosha mkono kutafuta glasi ya maji. "Kwani hukupata?"

Mama akasema amepata. Alisema hivyo ili mgeni asione vibaya. Kisha akasimama akaosha vyombo, vichafu na visafi.

Katibu alikuja siku ya pili, sijui nani alimwambia. Mama alimkaribisha, maana sisi hatujui kumwacha mtu mlangoni. Alikaa kwenye kiti kilekile.

"Barua ilikuja baridi ile ya mwanzo," alisema. "Nikaona umefika juzi, huna jamaa, una mtoto. Nikasema nitakwambia masika, jua likitoka. Masika ukaja na lile gauni, ukaniwahi mlangoni: Katibu, na mie sina salamu? Nikasema zipo. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, Mama Maryam. Hapa."

"Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili nilishaona aibu."

"Na homa?"

"Nilitaka afe kwa ile homa. Nilitaka iwe taratibu, kidogo kidogo, uzoee. Nilipoona unavyokonda nikamponya."

Mama hakupiga kelele. Alimuuliza neno moja tu: "Na fundi?" Katibu akalia, mtu mzima, na mimi nikamwangalia akilia bila kumwonea huruma hata chembe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilimwambia, "You killed my father and then you kept him alive. Which one do you want me to thank you for?" Mama akanikemea niseme kwa adabu, tena kwa lugha ya watu.

Mama alitaka kukaa eda. Ndiyo heshima ya mwisho anayopewa mume, na ndiyo mlango wa mjane kutokea: miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, watu wanakuja kumliwaza, kisha anasimama na kuanza upya. Alishatoa nguo nyeupe kabatini. Akaenda kuomba likizo kazini. Bosi wake, mwanamke mzuri tu, akampa pole, akatoa fomu, akauliza amekufa lini. Mbele ya karatasi mama hakuweza kudanganya. Akasema miaka kumi na sita iliyopita. Bosi akaiweka fomu chini.

Akampigia simu sheikh. Sheikh naye akasikitika sana, akamweleza kuwa eda inahesabiwa tangu siku ya kifo na si siku ya habari. "Eda yako ilikwisha zamani, mama. Huna kitu juu yako."

Alifikiri anamfariji. Mama alikata simu akakaa kwenye ngazi. Amekuwa mjane tangu ana miaka ishirini na saba, sasa ana arobaini na tatu, na hakupewa hata siku moja ya ujane wake. Alipokuwa mjane alijipamba kwa ajili ya mume. Alipotaka kulia aliambiwa muda umepita. Nguo nyeupe zikarudi kabatini.

Na jumuiya? Jumuiya iliitisha mkutano, ikasema Katibu amekosea, lakini nia yake ilikuwa njema, na binadamu si malaika, na nani mwingine anajua kutumia mashine ile. Akachaguliwa tena kwa kunyoosha mikono. Baadaye nikasikia wengine wawili watatu wakiulizana pembeni kama salamu zao nazo zilikuwa za kweli. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Walitaka kubaki nazo.

Mama hakumtukana wala hakumsema. Alimwondoa tu. Wakikutana msibani alimwitikia salamu, basi. Hakuolewa. Masika yenyewe ilikufa kifo chake simu zilipokuwa rahisi, kila mtu akawa anajipigia nyumbani na kuzipokea habari zake mwenyewe, mbivu na mbichi.

Mwaka huu, mwishoni mwa baridi, mama aliugua maradhi ya kuondoka nayo. Siku moja kabla hajaacha kusema, alinishika mkono hospitalini.

"Nenda kwa Katibu," akasema. "Nisalimie. Mwambie nimemsamehe, asife na hofu. Mwambie kwa mdomo, usimwandikie."

"I don't want to, Mama," nikamjibu, kama nilivyokuwa nikimjibu utotoni.

"Hujaulizwa kutaka. Salamu ni amana."

Nikasema sawa. Aliniangalia mpaka niliposema kwa Kiswahili, "Nitamfikishia."

Tulipokwisha kumzika nikapanda tramu kwenda Croydon. Miti ya mitaani ilikuwa imeanza kutoa maua meupe na watu wamevua makoti kabla ya wakati, kama kila mwaka. Katibu anakaa peke yake sasa, kwenye zile fleti za wazee zenye kamba nyekundu ya kuvuta kuita msaada ukianguka. Umri wake umekaribia miaka tisini. Alinifungulia mwenyewe, akanipa pole vizuri, kwa maneno kamili, akataka kunitengenezea chai nami nikamwachia. Mikono inatetemeka lakini akili ni ileile.

Nilikuwa nimekuja kusema, na Mungu anajua. Neno lilikuwa mdomoni tangu steshenini.

"Vijana wameniomba niandike tanzia ya mama yako," akasema, "waisambaze kwenye simu zao. Wanasema wao Kiswahili cha msiba hawakijui. Hebu isome kabla hawajaja kuichukua."

Alinipa karatasi. Hati ilikuwa imelegea lakini bado nzuri. Jina la mama lilikuwamo, na siku, na mahali pa khitma. Mwisho alikuwa ameandika: Kabla ya kufariki, marehemu aliwasalimu nyote, na akawasamehe wote waliomkosea.

"Nani kakwambia haya?" nikamuuliza.

"Nani angeniambia, mwanangu? Nimemjua mama yako miaka mingi. Ndivyo angesema."

Yalikuwa maneno ya mama, karibu neno kwa neno, na yeye ameyatunga mwenyewe mezani kwake, kama alivyomtungia baba homa. Mama hajakauka kaburini na tayari anasemewa. Ningemwambia ni kweli, ningekuwa nimempigia muhuri.

Labda aliuona uso wangu. Akainama mbele. "Au alisema? Aliniachia neno, Maryam?"

"Hakuacha neno," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa taratibu, akaichukua karatasi, akatafuta kalamu chini ya magazeti. Akapiga mstari juu ya maneno yale, kisha akarudia mara ya pili ili yasisomeke. Nilimwangalia akiyafuta. Ningeweza kumshika mkono.

"Ahsante kwa kuniambia kweli," alisema. "Mtu mwingine angenionea huruma."

Nilikunywa chai mpaka ikaisha. Wiki tatu baadaye vijana walinitumia tanzia nyingine, ya Katibu, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Sikwenda kumzika. Neno la mama bado ninalo, na aliyetumiwa hayupo.